Manyanga Yasiyo na Mbegu

Wakristo wa Doha Jumapili yao ni Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Na kila Ijumaa ya mwaka ule wa 2009, ibada ya Kiswahili ikishamalizika kwenye viwanja vya makanisa kule Abu Hamour, watu wakisimama kivulini kusubiri magari, ilikuwa lazima mtu amchokoze Philipo Onyango.

"Mzee Manyanga! Hebu tupe ile ya televisheni."

Mchokozi mkuu alikuwa Kioko, kijana wa Machakos aliyelinda mlango wa jengo moja la ofisi Al Sadd siku sita, na siku ya saba akaongoza kwaya. Philipo naye alijua kujivuta. Angefuta miwani, angetazama saa kama mtu mwenye shughuli nyingi, angesema hadithi hiyo wameisikia mpaka imechujuka. Kisha angeisimulia yote, tena na viungo vipya.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Tangu 1996 alikuwa dereva wa nyumba ya Abu Khalid kule Al Rayyan, enzi za Doha ya nyumba fupi, kabla maghorofa hayajaota upande wa pili wa ghuba. Watoto wa nyumba ile aliwapeleka shule tangu chekechea, na mkubwa wao sasa alikuwa na ndevu na gari lake mwenyewe. Mkataba wa Philipo ulikuwa unaisha Desemba, na safari hii hakukuwa na kuongeza. Khalas, basi, Abu Khalid alimwambia kwa upole, mzee umefanya kazi, nenda kapumzike. Ndiyo maana watu wa ibada waliitaka hadithi yake kila wiki, kabla mwenyewe hajaondoka nayo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Nairobi, mwaka 1967, kulikuwa na klabu iliyoitwa Mwezi Mpya, juu ya duka la viatu, ngazi zake za mbao zikilia kila ukizikanyaga. Mwimbaji wake alikuwa Kwamboka, binti wa Kisii mwenye sauti nzito kidogo, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, na nywele zilizofungwa juu kwa utepe. Akiimba wimbo wa polepole, weita walisimama na trei mikononi, na bia za watu zikapata joto bila mtu kulalamika.

Televisheni wakati ule ilikuwa mgeni mjini. Aliyekuwa nayo nyumbani alihesabika miongoni mwa watu. Wengine walikwenda ukumbi wa mtaa, ambako kisanduku kimoja kiliwekwa juu ya meza ndefu, watu mia wakibanana mbele yake, na picha ikianza kuteremka mtu alipanda juu ya kiti akakizaba kofi ubavuni. Jumamosi jioni kulikuwa na kipindi cha muziki, Jioni ya Santuri. Vijana walinyoa na kupaka mafuta kwa ajili ya kipindi hicho, ingawa hakuna aliyewaona ila jirani waliyebanana naye. Humo walijifunza kufunga tai nyembamba, kusimama na mkono mmoja mfukoni, kucheza twisti bila kuvunja goti. Na Jumamosi moja ya Agosti akatokea Kwamboka mwenyewe, na nyuma yake wanaume watano wenye makoti ya aina moja. Wa mwisho kulia, mwenye manyanga, ni Philipo Onyango.

"Chaka-chaka-cha!" angesema Philipo, mikono ikicheza hewani. "Miaka mitatu nilipiga naye. Miaka mitatu, si mchezo!"

"Na hiyo video iko wapi, mzee? Mimi nimetafuta kwa intaneti, hakuna kitu," angeuliza Kioko.

"Video gani? Kipindi kilikwenda hewani palepale, kikaisha. Aliyeona ameona."

Hilo ndilo lililomfaa. Maana ukweli, ambao Philipo hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba pale Mwezi Mpya yeye alikuwa weita.

Mpiga manyanga halisi aliitwa Dominiko, na siku ya kipindi alikuwa kitandani, malaria inamtetemesha kuliko alivyowahi kutetemesha vibuyu vyake. Makoti matano yalikuwa yameshashonwa. Prodyuza alikuwa ameandika watu watano kwenye karatasi yake na hakutaka kusikia habari za wanne. Basi Kwamboka akawapanga weita, akamvika kila mmoja koti la Dominiko, na koti likamkaa Philipo. Hiyo ndiyo sifa pekee iliyompeleka kwenye televisheni. Mabega.

Studioni wimbo ulitoka kwenye santuri, na wao kazi yao ilikuwa kufungua midomo na kuchezesha vidole. Gitaa hazikuunganishwa na umeme. Yalibaki manyanga, ambayo hayana swichi. Fundi wa sauti akayachukua, akachomoa vizibo, akamwaga mbegu zote katika mfuko wa koti la Philipo, akamrudishia vibuyu vitupu. "Haya," akamwambia, "tikisa utakavyo." Na Philipo akatikisa. Kwa dakika tatu alitikisa upepo chini ya taa kali kama jua la Kisumu, na katika maisha yake yote hakuwahi kufurahi namna ile, wala kabla wala baada.

Hakuna ubaya kukuza hadithi yako kidogo, nani asiyeikuza? Lakini uongo wa Philipo haukuanza na watu wa Abu Hamour. Ulianza na Phyllis.

Phyllis alikuwa akiuza vitambaa dukani, msichana wa Kaloleni, mfupi, mwenye mwanya. Jumamosi ile alikuwa ukumbini. Wiki mbili baadaye, Jumapili alasiri, Philipo alishuka ngazi za Mwezi Mpya na ndoo ya maji machafu, akamkuta amesimama chini na gauni la maua. "Wewe ndiye yule wa manyanga?" akamwuliza. Philipo akaiweka ndoo nyuma ya mlango, akafungua aproni na kuificha nyuma ya mgongo, akasema, "Ndiyo mimi." Neno lenyewe fupi, na mwaka uliofuata wakaoana kwa neno hilo.

Klabu aliiacha upesi, kabla mkewe hajaja kumsikiliza akipiga. Akajifunza udereva, akasema mambo ya dunia ameyapa kisogo. Wakapata watoto wanne. Na katika miaka yote hiyo, mara mojamoja, jioni, akiwa anapeta mchele, Phyllis angemsukumia kikopo chenye maharagwe makavu: "Hebu nipigie kidogo, mwanamuziki wangu." Na kila mara Philipo angejibu, "Hayo niliyaacha, mama." Phyllis angejifunika mdomo kwa ncha ya leso, mabega yakimcheza, kisha akarudia mchele wake. Philipo aliona huzuni katika tendo lile. Aliona mwanamke aliyeahidiwa mwanamuziki akapata dereva.

Phyllis alikufa mwaka 2005 kwa ugonjwa wa presha, mumewe akiwa Doha. Philipo alifika siku moja kabla ya mazishi. Alitupa udongo kaburini akijua kwamba maneno ya kweli aliyopaswa kumwambia yanafukiwa pamoja naye. Tangu hapo aliisimulia hadithi ya televisheni kwa bidii zaidi, na huko Doha ndiko ile Jumamosi moja ilikokua ikawa miaka mitatu.

Sasa, katika ibada yao kulikuwa na muuguzi mmoja, Ann, ambaye zamu za hospitali hazikumruhusu kukaa kivulini na wapiga soga. Mwezi wa Septemba alijifungua mtoto wa kike, na kwa desturi ya kwao mama yake akapanda ndege kuja kumlea mzazi na kichanga. Wakati wa kupanga nani ampokee uwanjani, Ann alimpa Kioko jina la mama yake, akaongeza kwa kucheka kwamba wamwekee muziki mzuri garini, maana zamani aliimba klabu. Kwamboka ni wengi Kisii kama Akinyi walivyo wengi Kisumu. Lakini Kwamboka wa klabu?

"Mzee!" Kioko alipiga simu, nusura aipasue. "Kwamboka wako anakuja Doha! Mwenyewe! Sasa tutawaona live!"

Philipo aliegesha gari kando. Watoto wawili wa Abu Khalid nyuma walidhani amepatwa na ugonjwa. Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa miaka arobaini na miwili, na zimetimia.

Ijumaa ya kwanza hakufika ibadani, akasema Mama Khalid ana safari ya madukani. Ijumaa ya pili akasema amepeleka gari gereji, na watu wakatazamana, kwa kuwa gereji gani ya Doha hufunguliwa Ijumaa asubuhi? Nyuma ya visingizio hivyo alikuwa akijifunza. Katika chumba chake kando ya geti alitia dengu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akawasha televisheni, akatafuta mojawapo ya zile stesheni za muziki wa Kiarabu wanazozipenda mabinti wa nyumba kubwa, akazima sauti, akafuata mikono ya wapiga ngoma. Alipowasha sauti, mkebe ulikuwa kwake na wimbo kwao. Mpishi wa nyumba, mama wa Kihindi mwenye adabu zake, alikuja kugonga mlango kuuliza kama ameingiliwa na panya.

Halafu Ann mwenyewe akapiga simu.

"Mzee Philipo, habari yako? Mbona umetupotea? Nimemwambia mama kuna mzee hapa alipiga manyanga nyuma yake kwenye televisheni. Akasema, 'Mleteni nimwone.'"

Usiku wake Philipo hakulala vizuri, na alfajiri akakata shauri. Fedheha ya siku moja ni afadhali kuliko kuibeba mpaka nyumbani. Angekwenda, angesema, wacheke, basi.

Nyumba ya Ann ilikuwa orofa ya pili hukohuko Abu Hamour. Alasiri ya Ijumaa sebule ilijaa watu waliokuja kumwona mtoto, viatu vimerundikana mlangoni, kiyoyozi kinahema kwa shida, meza ina chapati, kuku, na sukuma wiki iliyoletwa na mtu aliyerudi likizo. Kwenye kochi, mtoto mapajani, alikaa mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe chini ya kitambaa. Philipo alimtafuta Kwamboka wa utepe, asimwone. Kisha mwanamke yule akamwambia Ann amchukue mtoto, na sauti ikatoka ileile, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kwa muda Philipo akasahau hata hofu yake.

"Karibu," alisema Kwamboka. Hakumtazama usoni kwanza. Alimtazama mabega. "Koti bado lingekukaa."

Watu wakacheka bila kujua wanachekea nini. Philipo alijua.

"Leo hakuna kuruka!" Kioko alikuwa tayari nyuma ya kinanda chake kidogo. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki jozi ya manyanga mapya, yaliyotumwa kutoka Nairobi, akamtia Philipo mikononi. Yalikuwa mazito. Yale ya siku ile hayakuwa na uzito wowote.

Philipo akayaweka mezani, kando ya chapati.

"Sijui kupiga," akasema.

"Aa, mzee, usijishushe."

"Sijishushi. Sijui. Sikuwahi kujua. Nilikuwa weita pale klabu. Dominiko aliugua, koti likanikaa, wakanisimamisha. Na manyanga yenyewe yalimwagwa mbegu yasitoe sauti. Hiyo miaka mitatu ilikuwa dakika tatu. Nimewadanganya, naomba mnisamehe."

Kioko akaondoa mikono kwenye kinanda.

"Kwa hivyo umetucheza miaka hii yote?" alisema Kioko. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Amekucheza nini wewe?" Kwamboka akaruka. "Mimi siku hiyo niliimba? Nilifungua mdomo kama samaki. Gitaa zilikuwa bubu, ngoma ilipigwa kwa fimbo iliyofungwa kitambaa. Tulikuwa mabubu sita tumepangwa mstari. Kama ni uongo, mimi ndiye niliyekuwa mbele." Kisha akamgeukia Philipo, kidole juu. "Lakini wewe nijibu kitu kimoja. Mbegu za Dominiko ulizipeleka wapi? Alinitukana mwezi mzima!"

"Nilimpelekea mama yangu nyumbani, apande," alisema Philipo kwa sauti ndogo. "Hazikuota."

"Zingeota vipi? Alizikaanga ili zilie vizuri!"

Hapo hata Kioko alishindwa kujizuia. Kicheko kikapita sebule nzima, mtoto akaamka akalia, wanawake wakagombania kumbembeleza, na jambo likaonekana limekwisha. Kwa wengine lilikwisha. Philipo aliinuka, akakusanya glasi mezani, tatu kwa kila mkono, vidole vikizikumbuka vyenyewe, akaenda nazo jikoni, akafungua maji.

Kwamboka alimfuata na trei ya zilizobaki.

"Wamekusamehe," alisema. "Mbona umevaa uso wa msiba?"

"Hao nimewadanganya juzi tu, mama Ann. Mwenye haki ya kunisamehe hayupo." Na akiwa amemgeuzia mgongo, akisuuza glasi moja mara tatu, akamweleza: ukumbi wa mtaa, gauni la maua chini ya ngazi, aproni nyuma ya mgongo, kikopo cha maharagwe, kaburi. "Alinipenda kwa manyanga, na sikuwa nayo. Amekufa hajui aliolewa na nani."

Kwamboka aliweka trei chini.

"Phyllis," akasema. "Mfupi. Ana mwanya hapa. Anatembea upesiupesi kama aliyechelewa."

Glasi ikatulia mkononi mwa Philipo. "Ulimjua?"

"Alikuja klabu. Si hiyo Jumapili yako. Ilikuwa kabla yake, katikati ya wiki, wewe umetumwa barafu. Akauliza jina la mtu wa manyanga. Nikamwonea huruma, nikamwambia, dada, usijisumbue, yule ni weita wetu, na manyanga yenyewe yalikuwa matupu. Alicheka mpaka akashika ukuta."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nilijua. Mkono wake ulikuwa unachelewa. Mlio unatangulia, yeye anafuata. Ukumbi wote ulikuwa unakutazama wewe, mimi nikawa namtazama yeye, maana sijapata kuona mtu mzima anayefurahi namna ile.' Halafu akaniuliza siku gani unakuwa huru. Nikamwambia Jumapili alasiri. Akaniapisha nisikwambie kwamba amekuja."

"Na hukuniambia miaka arobaini na miwili?"

"Uliondoka klabu bila kuaga, ningekwambia wapi? Na niliapa, Philipo."

Maji yalikuwa yakimwagika bure, naye hakuyafunga. Hebu nipigie kidogo, mwanamuziki wangu. Leso mdomoni, mabega yanacheza. Haikuwa huzuni. Alikuwa anacheka! Miaka thelathini na saba mke wake alikuwa anamtania, anamsukumia kikopo, anangoja yeye naye aseme, wacheke pamoja. Na yeye, mjinga, akijibu kwa uso mkavu kwamba ameyaacha ya dunia. Philipo alilia pale mbele ya sinki, na ndani ya kilio kicheko kikamponyoka, na uchungu wa vicheko vyote walivyovikosa ukamwingia pamoja na furaha, asiweze kuvitenganisha. Kwamboka alifunga maji, akamshika mkono uliolowa, akasimama naye mpaka ikapita.

Waliporudi sebuleni, Kwamboka aliketi kwenye ukingo wa kochi, akakohoa kidogo, akaanza wimbo mmoja wa zamani wa Mwezi Mpya. Sauti ilikuwa imepungua juu, chini ilikuwa palepale. Kioko akautafuta kwenye kinanda akaupata. Philipo alikwenda mezani, akachukua manyanga, akasimama nyuma ya mwimbaji, upande wa kulia, akatikisa. Mbegu zililia kwa nguvu, akashtuka, akaendelea.

Kioko alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ulimshinda.

"Mzee, unachelewa!"

"Najua," alisema Philipo, bila kuacha kutikisa. "Mke wangu alishasema."